Mwanaume Juu ya Paa la Sidonie

Sidonie alipata habari ya ndoa yake mwenyewe kwenye chemchemi, ndoo yake ikiwa bado haijajaa.

"Mama Ema, unafichaka mambo weye!" Jirani mmoja alikuwa anateremka mlima mbiombio, kitambaa kimemwanguka kichwani. "Iko mwanaume juu ya nyumba yako!"

Wanawake wote wakageuka.

"Mwanaume gani?" Sidonie aliuliza, ingawa moyo wake ulikuwa umekwisha kujibu.

"Yule wa mawese! Anang'oa majani ya zamani, anatupa chini, anaimba. Na mama-mukwe wako njo anamupatia kamba!"

Vigelegele vilipasuka pale majini. Mmoja akasema, "Kumbe asubuhi yote tunateka maji na bibi-arusi!" Mwingine akadakia, "Ndiyo maana mwezi muzima anapika na chupa moja ya mawese, haimalizike, iko mwenye kuijaza!" Sidonie alijifunika uso na ncha ya kikwembe chake. Alikuwa mjane wa miaka minne, mwanamke wa kanisa, na alikuwa anacheka ndani ya kitambaa kama msichana.

Katika ukoo wa marehemu mume wake jambo hili halikuhitaji maelezo. Mwanaume anaweza kumlimia mjane shamba, akampasulia kuni, hata akambebea mtoto, na watu wakauita wema tu. Lakini juu ya paa hapandi. Paa ni mkono wa marehemu. Siku mwanaume mwingine anapopanda, mchana, watu wakiona, na mama wa marehemu mwenyewe akimkabidhi kamba, basi imesemwa. Padri bado, mbuzi bado, lakini imesemwa. Na likisemwa hivyo kisha likakanwa mbele ya wakubwa, halisemwi mara ya pili. Mwanaume yule hapokelewi tena kwenye kiwanja kile, hata kwa kikombe cha maji.

Aliacha ndoo pale pale, akakimbia.

Ilikuwa kweli. Hippolyte alikuwa amekaa juu kabisa, miguu huku na huku, shati amelifunga kiunoni, nyasi zimemjaa kwenye nywele. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini kasoro, mrefu, mwenye magoti magumu ya mtu anayesukuma baiskeli ya madumu kutoka Lusangi mpaka soko la Kasongo. Mke wake alikuwa amekufa kwa uzazi zamani. Alipomwona Sidonie akiingia kiwanjani bila ndoo, aliacha kuimba. Wakatazamana. Yeye juu, Sidonie chini, na kati yao vumbi la majani makavu likishuka polepole. Sidonie hakuwahi kutazamwa hivyo mchana, mbele ya watu. Alishindwa kuangalia pembeni.

"Teremka, utaanguka," alisema mwishowe.

"Nishaanguka mwaka jana," Hippolyte alijibu. "Hapa niko nasimama."

Mama Dieudonnée, mama mkwe wa Sidonie, alicheka akishika kiuno. Mwanamke huyu alikuwa amekataa miezi kumi na minne. Kila Hippolyte alipokuja kumsalimia, alimjibu, "Kitanda cha mwanangu hakijapoa," akaingia ndani. Lakini wiki iliyopita Emmanuella, yule Ema, mtoto wa pekee wa Sidonie, mwenye ugonjwa wa damu ule wanaouita SS, alizidiwa. Macho yakawa ya njano, mifupa ikamuuma mpaka akauma shuka. Hopitali walitafuta damu ya kumtia. Ya mama ilikataa, ya bibi ilikataa. Ya Hippolyte ilikubali.

"Usiniangalie hivyo, binti," Mama Dieudonnée alimwambia sasa, akifuta macho. "Damu yake iko inatembea ndani ya mujukuu wangu. Nitamukatalia nini tena? Nimemuambia, panda leo, kabla sijageuza moyo."

"Na yeye akapanda mara moja," Sidonie alisema.

"Mara moja? Hakuniachia kumaliza neno!"

Sidonie aliingia jikoni, akapika sombe ya majani ya muhogo na bugali, na mikono yake ilifanya kazi yenyewe, kwa maana yeye hakuwepo. Alikuwa anafikiri namna mtu anavyoweza kusahau furaha kwa miaka minne, kisha ikarudi mlangoni na kuita hodi kama mgeni wa jana. Alimpelekea sahani chini ya ngazi. Hippolyte aliteremka vipandio viwili, akaipokea, na vidole vyao vikagusana chini ya sahani. Hakuna aliyeondoa mkono haraka.

Ndipo wakasikia pikipiki.

Aliyekuja alikuwa Hervé, ajenti wa projeti ya msaada, kijana wa Bukavu mwenye miwani na tableti kwenye mfuko wa plastiki. Wanawake wa kartie, mtaa ule mzima, walikuwa wamempa jina la Johnson. Hakuna mkutano aliomaliza bila kumtaja yule rais wa Amerika wa zamani za bibi zao, aliyesimama mbele ya nchi yake mwaka 1964 akasema anatangaza vita na umaskini. "Nchi tajiri, mama zangu! Na yeye akasema, kwetu iko watu wanalala njaa, ni haya. Wakapata makaratasi ya kununulia chakula. Watoto maskini wakafunguliwa masomo kabla ya umri wa shule. Wazee wakatibiwa." Wanawake walimsikiliza wakitikisa vichwa, kwa sababu hakuna kitu kilichowashangaza kama hicho, kwamba Amerika nako kuna watu waliolala njaa.

Projeti yenyewe ilikuwa kwa wanawake wasio na mume. Kila mmoja alikuwa na karti. Kwa wengine karti ilikuwa unga na maharagi. Kwa Sidonie ilikuwa damu. Emmanuella alipozidiwa alipokelewa, akalazwa, akatiwa damu, na hakuna aliyemzuia mlangoni kwa kukosa pesa.

Hervé alizima pikipiki lakini hakushuka. Alitazama paa, akatazama sahani, akatazama chini.

"Salamu, Johnson!" Mama Dieudonnée alimwita. "Karibu, umefika siku ya muzuri!"

"Asante, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama Ema, nilikuja kwa kuhakikisha lisiti, majina ya wenye kusaidiwa. Ni wiki ya kuhakikisha."

"Hakikisha," Sidonie alisema. Bado alikuwa anatabasamu.

"Huyu papa ni nani kwako?"

Tabasamu halikutoka mara moja. Lilikaa kidogo usoni peke yake, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Ningepita kesho nisingeona kitu," Hervé alisema haraka. "Lakini kartie muzima wanasema. Watu watatu wamenipigia simu ile niko njiani. Wanafurahi, mama, hawana ubaya. Wanasema, Mama Ema ameolewa. Na fomu yangu iko na mustari mumoja tu kwa hii jambo: mama anaishi peke yake. Ndiyo ao apana."

"Na kama ni apana?"

"Karti inafungwa."

"Ya kwangu. Lakini ya mutoto?"

"Ya mutoto iko ndani ya ya kwako."

Hippolyte aliteremka ngazi yote. Aliweka sahani juu ya kinu, taratibu. "Weka mimi kwenye lisiti basi. Mimi pia ni maskini. Angalia, niko na baiskeli moja na magoti mawili."

"Lisiti ya wenye ndoa haikufunguliwa, papa. Waliandika kwamba nyumba yenye mwanaume ina mwenye kuibeba."

Hippolyte alicheka, cheko fupi lisilokuwa na hewa. "Na ule rais wako mukubwa alifanyaka hivi?"

Hervé alishuka kwenye pikipiki. Kwa mara ya kwanza alisema habari za Amerika bila kuinua mkono. "Si yeye mwenyewe. Lakini kule majimbo mengine yalikuwa na hii sheria. Wapelelezi waliingia kwa mama maskini, wakaangalia chini ya kitanda kama iko viatu vya mwanaume. Wakivipata, watoto wanakosa."

"Wakaendelea hivyo?" Hippolyte aliuliza.

"Apana. Majaji wakubwa waliivunja. Mwaka 1968."

Sidonie alimtazama. "Waliivunja kwao."

"Ndiyo, mama."

"Na huku kwetu?"

Hervé aliondoa miwani, akaipangusa kwa shati, akairudisha. "Huku iko kwenye fomu, mama. Sijui ni nani aliiandika. Nilipewa." Alingoja kidogo. "Kesho saa tatu asubuhi, kwa Papa Iliasi, shefu wa kartie. Ukisema mbele yake kwamba huyu si bwana yako, na yeye mwenyewe akasema, na mama-mukwe akasema, nitaandika 'peke yake'. Sitauliza tena. Ni hiyo tu niko nayo mukononi."

Aliondoka akisukuma pikipiki mpaka barabarani, kama mtu anayetoka nyumba yenye msiba.

Mama Dieudonnée aliingia ndani, akakaa na mjukuu wake. Sidonie na Hippolyte walibaki nyuma ya jiko, jua likiwa bado kali.

"Sidonie," Hippolyte alianza. Mbele ya watu alimwita Mama Ema. Jina lake alilitumia wakiwa wawili tu, na alilitamka polepole, kama anapita na madumu kwenye daraja la miti. "Tutaweza. Nitaacha safari moja kwa wiki, nitafanya mbili."

"Damu haingojake baiskeli."

"Nitauza baiskeli."

"Kisha utabeba mawese kichwani?"

"Nitabeba kichwani!"

"Usinipigie kelele, Hippolyte."

"Sikupigii kelele weye. Napigia kelele..." Alitafuta cha kupigia kelele, akatazama huku na huku, na pale pote palikuwa ni jiko, kuni na kuku mmoja. "Miezi kumi na mine nilikuja hapa nakaa kwenye jiwe kama mudeni. Mama-mukwe wako anaingia ndani, ananiachia mlango. Sikukasirika. Leo ananipa kamba na mukono wake. Unajua nilifikiri nini ile nilikuwa juu? Nilifikiri, Mungu, sasa naweza kuzeeka."

Sidonie alikaa chini, akashika kichwa. "Nenda basi umuambie Ema. Ingia ndani umuambie, nimempenda mama yako, njo maana mwezi ujao watakufungia mlango wa hopitali."

"Hiyo ni maneno mabaya."

"Njo yenye iko! Hakuna mengine. Nimetafuta tangu Hervé ametoka, sikuona mengine."

Hippolyte aliokota ganda la muhogo, akalivunja. Halafu akajaribu tena, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Tungoje basi. Nisikanwe, nisikubaliwe. Tuseme tutaongea kiisha."

"Paa limeshatoka, Hippolyte. Watu wote wameona. Ao ni ndiyo, ao ni apana."

"Unajua apana inafanya nini kwa mama-mukwe wako na ndugu za marehemu."

"Najua."

"Siwezi kurudi. Hata ukifa siwezi kuja kwenye kilio chako kama mutu wako."

"Najua! Kwani nimeingia hii ukoo jana?"

Hippolyte alimwendea. Alipiga magoti mbele yake juu ya maganda ya muhogo, akachukua mikono yake yote miwili. Mikono ya Hippolyte ilinuka nyasi na mawese. Ndani ya kiwiko bado palikuwa na alama ndogo nyeusi, pale hopitali walipotoa damu. Sidonie aliiona, akaweka kidole juu yake, na machozi aliyoyashikilia tangu Hervé alipoondoka yakamshinda.

"Laiti usingemupa damu," alisema. "Laiti ungeniacha nikuchukie kidogo."

"Ningeweza kumupa tena. Kesho, na kesho kutwa."

"Hawatoi kwa mutu mumoja kila siku. Niliuliza."

"Uliuliza?"

"Niliuliza yote, Hippolyte. Unafikiri nini? Niliuliza kama damu ya kwako peke yako inaweza kutosha, nifunge karti na mukono wangu. Wakaniambia apana. Njo nikabaki natumaini karti ya mutoto haitafungwa."

Hapo ndipo Hippolyte alipoelewa kwamba hakukataliwa leo. Alikuwa amekwisha kupimwa wiki nzima, kwa upendo wote, na hakutosha. Hakuna mwanaume ambaye angetosha. Alimfuta machozi kwa mgongo wa mkono. Mwisho alisema, "Kesho usilie mbele yao. Ukilia, Johnson hataweza kuandika."

Asubuhi, kiwanja cha Papa Iliasi kilijaa kama siku ya soko, lakini hapakuwa na kicheko. Wale wa chemchemi walikuwa wamesikia matokeo ya vigelegele vyao, na waliopiga simu walikaa nyuma wakiwa wamefunika vinywa. Papa Iliasi, mzee wa msikiti, mwenye kofia nyeupe na jicho moja lenye ukungu, alikaa kwenye kiti cha mbao. Hervé aliweka karatasi mezani.

"Katekista alileta Biblia," mtu mmoja alisema.

"Airudishe," Papa Iliasi alijibu. "Na mimi sikuleta Kurani. Hii jambo ya leo tuifanye sisi watu. Mungu tumuachie kazi zake."

Sidonie alisikia, akajua kwamba mzee anajua kila kitu, na kwamba amemwonea huruma kadiri alivyoweza.

"Mama Dieudonnée. Huyu mwanaume alipanda kwa kamba yako?"

Yule mwanamke, ambaye kwa miaka thelathini alifagia kanisa kila Jumamosi na hakuna aliyewahi kumshika kwa uongo, alisimama. "Nilimuita kwa kazi. Paa lilikuwa linavuja."

"Papa Hippolyte. Ulipanda kama nani?"

"Kama mutu wa kazi."

"Ulilipwa?"

"Nililipwa, papa."

"Nini?"

Hippolyte alitazama mbele, si kwa Sidonie, si kwa mtu yeyote. "Sahani ya sombe na bugali. Ilinitosha."

Mwanamke mmoja nyuma alianza kulia, akatolewa nje.

"Mama Sidonie," Papa Iliasi alisema, na sauti yake ikawa laini kuliko yote. "Huyu ni bwana yako?"

Alikuwa amejizoeza usiku kucha maneno matano. Sasa alitazama ardhi kabla ya kuyasema. Aliona pembeni jinsi Hippolyte alivyofunga ngumi na kuifungua, akielekeza kiganja chini kidogo, kama anavyomtuliza mtu anayepita juu ya ubao mwembamba. Polepole. Usilie.

"Apana, papa. Si bwana yangu."

"Alikuwa anataka kuwa?"

"Simujui kwa hiyo njia."

"Basi imesemwa," alisema Papa Iliasi, na akafumba jicho lake zima.

Hippolyte alichukua kofia yake. Ilimlazimu kupita mbele yake ili atoke, hapakuwa na njia nyingine. Alisimama hatua mbili kutoka kwake, umbali wa mtu na mtu wasiojuana, akainamisha kichwa.

"Mama, mubaki na amani."

"Asante, baba," Sidonie alijibu. "Muende muzuri."

Miezi kumi na minne, na hawajawahi kuambiana "mu" ya heshima kama wageni. Alimsikiliza akitoa baiskeli ukutani. Mnyororo ulilia. Watu walipisha. Hakugeuka kuelekea Lusangi, mahali pa madumu yake na nyumba yake. Alishika njia ya Wamaza, ambako hakuwa na mtu. Mlango wa kiwanja ulikuwa wazi, na Sidonie angeweza kumwona mpaka kwenye kona kama angeinua macho. Hakuinua.

Mama Dieudonnée alimshika bega kwa nyuma, akamnong'oneza, "Petro naye alikana, binti. Akasamehewa."

"Petro alimukana mwenye alifufuka, mama," Sidonie alisema. "Alimuona tena kando ya maji, wakakula samaki pamoja. Mimi nitamuona wapi?"

Mama mkwe aliondoa mkono begani, akauweka kinywani mwake mwenyewe.

Watu walitawanyika wakikanyaga taratibu. Hervé alibaki mezani, kalamu mkononi, macho mekundu nyuma ya miwani. Hakuna aliyemwita Johnson. Alisogeza karatasi upande wa Sidonie, akamwonyesha kwa kidole mstari wa tatu kutoka chini.

"Ni hapa, mama. Unaweza kusoma?"

"Nilisoma mpaka la sita."

Aliusoma wote, neno kwa neno, kwa sauti ndogo, kama walivyofundishwa na masista. *Mama anaishi peke yake.* Tangu wiki ile hopitali walipomtoa Hippolyte damu, mstari ule ulikuwa uongo, na jana, kwa saa chache, kartie nzima ilijua kwamba ni uongo. Aliandika jina lake pembeni, herufi kubwa.

Alipoinua kalamu, ulikuwa kweli.